Mishale ya Chaki

Yanga na Simba zilianzishwa mwaka 1935 na 1936. Hakuna mtoto wa Bunju atakayekwama hapo. Uwanja wa mazoezi wa Simba uko kwao, na mtoto wa Yanga hasahau kamwe kwamba klabu yake ndiyo iliyotangulia kuzaliwa. Ndiyo maana mwalimu anaanza na sentensi hiyo. Anaiandika ubaoni kwa Kiingereza, mwishoni anaongeza neno "respectively", na kidato cha kwanza wanasoma mpaka nukta bila kugundua kwamba wamepita juu ya neno gumu. Kisha analifunika neno kwa kiganja na kuuliza kama maana imebadilika. Haijabadilika. Anaondoa kiganja, anauliza tena. Bado. Anachukua dasta, anafuta, anahamia jambo lingine.

Mwalimu huyu hufundisha tuisheni ya jioni katika chumba cha mabati, hatua chache kutoka Barabara ya Bagamoyo, upande ambao daladala zinazotoka mjini hushusha watu wa Bunju. Wanafunzi wanamwita Madam, nami nitamwita hivyo. Wanaoanza ni wa kidato cha kwanza. Baada yao huingia wa kidato cha tatu na cha nne. Giza likishaingia huja vijana waliomaliza kidato cha sita au chuo, wanaojiandaa na mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwa ajili ya kuomba nafasi za masomo nje. Nimekaa nyuma ya chumba kile jioni nyingi, na kitu kilichonivuta zaidi ni jinsi neno hilo moja linavyopita katika makundi yote matatu, kila kundi likipewa kiasi linachoweza kubeba. Wapo walimu wengi wanaojua Kiingereza vizuri. Anayejua ni kiasi gani cha neno moja kinamtosha mtoto leo, na kipi kisubiri mwaka kesho, ni adimu.

Siku nyingine, bila kukumbusha habari ya Yanga, anawaita watu wawili mbele. Neema na Baraka, tuseme. Mezani kuna kalamu nyekundu na kalamu ya bluu. Anaandika kwamba Neema na Baraka wana kalamu nyekundu na kalamu ya bluu, anaishia hapo, na kuwaambia wenzao wawagawie hao wawili kalamu kama ubao unavyosema. Hapo ndipo chumba kinapochangamka. Mmoja anadai kila mtu apewe zote mbili, hivyo kalamu hazitoshi, ziongezwe. Mwingine anasema kalamu ni zao kwa pamoja, ziachwe mezani. Wa tatu anaona ni jambo la wazi, Neema nyekundu, Baraka bluu. Madam hasemi nani yuko sahihi, kwa kuwa wote watatu wako sahihi. Sentensi yenyewe ndiyo haijaamua. Anawaacha wabishane mpaka wachoke. Halafu anaongeza lile neno mwishoni, na kuuliza nani sasa anyamaze. Wawili wa kwanza wananyamaza wenyewe.

Nimewahi kuona neno hili likifundishwa kwa kuandikwa ubaoni, kuwekewa alama ya sawasawa na kufuatwa na maana yake. Darasa linanakili, linasonga mbele. Kwa njia hiyo mtoto anapata kitu cha kukariri. Kwa njia ya Madam, mtoto anaona kwanza pengo ambalo neno linakuja kuliziba, na pengo likishaonekana, neno haliwezi kupotea kichwani kirahisi. Mabishano yale ya kalamu yanakula muda, na wazazi wanalipia muda huo. Yeye hana haraka. Nimemwona akitumia kipindi karibu kizima kwa sentensi moja, na sikuona mtoto aliyepiga miayo.

Kisha inakuja chaki. Haiandiki sentensi katika mstari mmoja kama ilivyo kitabuni. Anaandika majina juu, Neema, nafasi, Baraka. Chini yake anaandika vitu, nyekundu chini ya Neema, bluu chini ya Baraka. Mishale miwili inashuka wima, haigusani. Baadaye anaiandika sentensi ile ile katika mstari mmoja, kama itakavyokuwa kwenye karatasi ya mtihani, na kuchora mishale upya. Sasa lazima ipinde juu ya maneno, na lazima ikatane njiani, maana wa Neema unamruka Baraka kwenda kwenye nyekundu, na wa Baraka unairuka nyekundu kwenda kwenye bluu. Watoto wanaona kwa macho yao kwa nini sentensi hii inachosha. Anawaambia maneno matatu tu: likija, rudi nyuma. Yaani ukifika kwenye neno hili usiendelee na nukta, rudi ukatafute orodha mbili, uzilinganishe. Ni kazi ya fundi wa cherehani anayelinganisha vifungo na matundu yake kabla hajashona, kwa kuwa kifungo cha kwanza kikikosea tundu, vyote vinavyofuata vinakosea.

Na baada ya hapo anawakataza kuliandika. Hili lilinishangaza mwanzoni. Kidato cha kwanza kizima wanalisoma, wanalichorea mishale, wanalitafuta kwenye vitabu vyao vya masomo mengine, lakini kwenye insha zao haliruhusiwi. Mwanafunzi anayetaka kusema habari za watu wawili na vitu viwili anaelekezwa aandike sentensi mbili fupi, au aunge kwa "and": Neema ana nyekundu na Baraka ana bluu. Sababu aliyonipa ni rahisi: mtoto anayeanza akipewa neno lenye sauti kubwa atalitupa kila mahali, na kulitoa baadaye ni kazi kuliko kulichelewesha. Kulielewa kwanza, kulitumia baadaye. Kati ya hayo mawili anaweka miaka miwili mizima, na hana wasiwasi nayo.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi kulifundisha kwa kusoma, nayo ni ya mfumo wetu wa elimu. Tangu 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na mtoto anapovuka kwenda sekondari, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya kidato cha nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia Kiingereza kianze kutumika kufundishia. Mjadala wa lugha ya kufundishia umeendelea tangu hapo, nami nina msimamo wangu, lakini si habari ya leo. Habari ya leo ni kwamba neno kama hili halimkuti mtoto kwenye kipindi cha Kiingereza. Linamkuta kwenye fizikia, kemia na hisabati, ambako namba huja mbili mbili na tatu tatu. Mwalimu wa fizikia haoni kuwa ni kazi yake kufundisha neno la Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza hajui kwamba fizikia inalidai wiki hii. Neno linaanguka katikati yao, na mtoto analiruka.

Madam ameziba pengo hilo kwa mkono wake. Anaazima madaftari ya fizikia ya wanafunzi wake, anasoma, na kutunga maswali. Hili ni mojawapo, la kidato cha tatu. Vitu viwili, P na Q, vina tungamo la kilo 4 na kilo 6. Vinakwenda vikielekeana kwenye mstari mmoja, Q na P vikiwa na kasi ya mita 2 na mita 3 kwa sekunde, "respectively". Vinagongana na kuganda pamoja. Vitakwenda kwa kasi gani?

Angalia alichofanya. Sentensi ya kwanza inamtaja P kabla ya Q. Ya pili inamtaja Q kabla ya P. Anayesoma mbio analinganisha namba kwa namba, 4 na 2, kisha 6 na 3. Anazidisha tungamo kwa kasi, anapata 8 upande mmoja na 18 upande mwingine, tofauti ni 10, anaigawa kwa jumla ya kilo 10, na jibu lake ni mita 1 kwa sekunde. Jibu zuri, namba nzima, halimpi mtu shaka. Aliyerudi nyuma anaona kwamba kasi ya 2 ni ya Q mwenye kilo 6, na kasi ya 3 ni ya P mwenye kilo 4. Anazidisha, 12 upande huu na 12 upande ule. Vitu vinasimama. Kasi ni sifuri. Fizikia yote ya wanafunzi hao wawili ni sawa, hatua kwa hatua. Kilichowatenga ni kusoma. Kanuni hapa imekua kidogo kutoka ile ya kidato cha kwanza: rudi nyuma, lakini rudi kwenye orodha iliyo karibu na neno, usirudi kwenye ile uliyoikariri kutoka sentensi iliyopita. Anaichora mishale upya. Safari hii inatosha mara moja tu, kisha anawaambia waichore kichwani.

Ni katika kidato cha tatu pia ndipo anapowafungulia kuandika, na makosa yanakuja kama alivyotabiri. Yupo anayeandika kwamba Juma na Asha walichelewa, halafu anabandika neno mwishoni ingawa orodha ni moja tu. Yupo mwenye majina matatu na maksi mbili. Yupo anayemaliza barua ya kuomba kazi kwa "Yours respectively", akikusudia heshima. Kwa huyu wa mwisho Madam ni mpole sana. Anamweleza kwamba "respectively" na "respectfully" ni ndugu kweli, yametoka kwenye Kilatini chenye maana ya kutazama nyuma, na kwamba kumheshimu mtu ni kama kumtazama tena. Ila kwenye barua anatakiwa ndugu yule mwingine. Mtoto haondoki akijiona mjinga. Anaondoka akijua kwamba sikio lake lilisikia kitu cha kweli.

Kwa yule wa majina matatu na maksi mbili haandiki "kosa la sarufi." Anauliza tu: hizi za nani? Nilipomwona akifanya hivyo nilikumbuka mabishano ya wanaisimu juu ya neno hili hili. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel na Eli Shamir walilitumia kama ushahidi kwamba sarufi za aina fulani rahisi, zile ambazo wanahisabati wa lugha walikuwa wakizichunguza wakati huo, haziwezi kuzalisha sentensi zote za Kiingereza, kwa sababu orodha mbili lazima zilingane idadi hata zikiwa ndefu namna gani. Mwaka 1982 Geoffrey Pullum na Gerald Gazdar walijibu kwamba hoja hiyo haisimami: orodha zisipolingana, sarufi haijavunjika, ni maana iliyokosa pa kushika. Madam hakuwahi kunitajia hata mmoja wa hao, na sidhani kama anahitaji. Swali lake, hizi za nani, liko upande wa Pullum na Gazdar. Anamrudisha mtoto kwenye maana, na idadi inajirekebisha yenyewe.

Kiswahili anakitumia, ila kwa mahali pake. Magazeti yetu yana "kwa mtiririko huo" na "kwa mfuatano huo"; Wakenya wana "mtawalia," ambalo mtoto wa Nairobi analisikia kwenye taarifa ya habari na mtoto wa Bunju pengine hajawahi kulisikia. Mwalimu mwenye haraka angeitumia mojawapo kama tafsiri na kuona kazi imeisha. Tatizo ni kwamba wengi wa kidato cha kwanza hawaijui hata hiyo ya Kiswahili. Ni maneno ya kwenye karatasi. Mtoto aliyekulia Bunju amesikia Kiswahili maisha yake yote bila kuhitaji kusema "kwa mtiririko huo," kwa kuwa mdomoni hatutenganishi vitu na wenyewe. Nenda Bunju sokoni usikilize bei: nyanya mia tano, vitunguu elfu, pilipili mia mbili. Kila kitu kinatajwa na bei yake ubavuni. Hakuna muuza mboga atakayetaja mboga zote kwanza, kisha bei zote, kisha akakuachia kazi ya kulinganisha. Orodha zilizotengana ni tabia ya maandishi, ya lugha yoyote, na gundi inayoziunganisha ni ya maandishi vilevile.

Ndiyo sababu Madam anaitoa tafsiri ya Kiswahili mwisho, siyo mwanzo. Kidato cha nne, mtoto akishalimiliki neno la Kiingereza, anamletea ukurasa wa michezo wa gazeti la Kiswahili. Tafuta humu, anasema, kuna neno lako. Wanalipata: timu tatu, pointi zake, kwa mtiririko huo. Nimeona nyuso zikifunguka wakati huo. Walichojifunza kwa Kiingereza kinarudi na kuwafumbua macho kwenye lugha yao wenyewe, na kuanzia hapo wanasoma magazeti ya Kiswahili kwa makini zaidi. Sijui mbinu nyingine ya kufundisha lugha ya kigeni inayomlipa mwanafunzi hivi, kwa kumwongezea lugha aliyokuja nayo.

Kundi la usiku lina ugonjwa tofauti. Hawa wanalijua neno, na wanalipenda kupita kiasi. Kwenye IELTS ya kitaaluma kazi ya kwanza ya kuandika ni kueleza grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, na muda unaoshauriwa ni dakika 20. Grafu zimejaa jozi: nchi na asilimia, mwaka na idadi. Kijana anaona kila sentensi ni nafasi ya kuonyesha neno lake. Mwisho wa aya moja lipo mara nne, na msomaji anarudi nyuma mara nne, amechoka kabla hajajua grafu inasema nini. Madam hawaambii wapunguze. Anampa mmoja asome kwa sauti, na mwenzake asikilize bila karatasi, kisha aseme alichosikia. Msikilizaji ambaye hana karatasi hawezi kurudi nyuma. Majina matano na namba tano vikija mfululizo, anashika labda la kwanza na la mwisho. Hapo mwandishi anajua mwenyewe kwamba vitu vitano si vya sentensi, ni vya jedwali, na kwamba viwili mara nyingi vinajitosheleza bila msaada wowote.

Zoezi lake kwa kundi hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Anawaletea aya aliyoitunga, neno limetapakaa humo, na sheria ni moja: toa kila mahali ambapo msomaji hatapoteza kitu, acha pale tu ambapo utaweza kulitetea. Sentensi ya Kilimanjaro na Meru, mita 5,895 na 4,562, iliondoka mara moja. Kila mlima ukapewa urefu wake ubavuni, mtindo wa sokoni. Sentensi ya Tanganyika, Uganda na Kenya, zilizopata uhuru 1961, 1962 na 1963, ilileta ubishi. Wengi walitaka kuivunja vipande vitatu. Kijana mmoja alikataa. Alisema miaka ile ikiandikwa mfululizo msomaji anaona ngazi, uhuru ukipanda mwaka hadi mwaka, na ukiivunja ngazi inapotea. Kila nchi itabaki na tarehe yake na hakuna atakayeona uhusiano wao. Madam alimwangalia kidogo, akamwambia, haya baba, iache. Kisha akamuuliza: na Zanzibar?

Zanzibar ilipata uhuru kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, Kenya tarehe 12 mwezi huo huo. Kijana akajaribu kuiingiza kwenye orodha, ikatoka 1961, 1962, 1963 na 1963, na ngazi yake ikavunjika mbele ya macho yake. Akafuta. Akaandika sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa na Tanganyika na Uganda, 1961 na 1962, na neno akaliacha mwishoni. Ya pili ilisema Zanzibar na Kenya zilifuata Desemba 1963, zikipishana siku mbili, na humo hakulihitaji.